Pipa la Maji Safi: Uchambuzi wa Kisa cha Homa ya Manjano, Memphis, 1878

Kwa nini kisa hiki

Kila ninapofundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuhusu magonjwa ya mbu, naanza na mji ambao wengi wao hawajawahi kuufikiria: Memphis, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, ukingoni mwa mto Mississippi. Mwaka ni 1878. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba mji huo ulizika watu zaidi ya 5,000 kwa homa ya manjano, na miezi michache baadaye ukafutwa kisheria, usihesabike kuwa mji.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu watu wa Memphis hawakuwa wajinga. Walikuwa na bodi ya afya, walikuwa na madaktari wazoefu, na ugonjwa wenyewe waliujua kwa sura. Walibishana, wakapiga kura, wakachukua hatua, na baadhi ya hatua hizo ziliokoa maelfu. Sisi leo tunajua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Ukizifuata hatua zao moja moja huku jambo hilo ukiwa nalo mkononi, utaona wapi walifaulu kwa kubahatisha na wapi walishindwa wakiwa na ushahidi mezani.

Majina ya wagonjwa na familia zao nimeyaondoa, hata yale ambayo yamerudiwa vitabuni kwa karne nzima. Yupo mwanamke mmoja na baharia mmoja ambao historia imewabebesha lawama ya mji mzima, nami sioni haki ya kuendelea kuwataja. Nimebakiza majina ya watu waliokuwa na dhamana ya umma na ya waliojitolea hadharani.

Mji ulivyokuwa

Mwaka 1878 Memphis ilikuwa na watu wapatao 47,000. Mji uliishi kwa pamba: marobota yalishuka kutoka mashambani, yakapakiwa kwenye meli za mvuke, yakateremka na mto hadi New Orleans. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani walihamia kwa wingi. Wahamiaji wa Ireland walijaa mtaa wa mabondeni ulioitwa Pinch. Makundi haya mawili hayakuwa na maelewano. Mei 1866 watu Weusi 46 waliuawa katika ghasia za siku tatu, na polisi wa mji wenyewe walikuwamo kati ya wauaji. Nalitaja hili mapema kwa sababu litarudi.

Mji ulikuwa mchafu kwa kiwango kinachotisha. Kijito cha Gayoso kilichopita katikati kilipokea kinyesi, mizoga na taka za kila aina, na wakati wa kiangazi hakikuwa na maji ya kutosha kuvisukuma mtoni. Barabara zilikuwa zimetandikwa vipande vya mbao ambavyo vilishaanza kuoza. Vyoo vilikuwa vya shimo. Hazina ilikuwa tupu, na deni la mji lilihesabiwa kwa mamilioni ya dola.

Sasa naomba msomaji aangalie kitu kimoja ambacho hakikumkera mtu yeyote wakati ule. Maji ya kunywa na kufulia watu waliyapata zaidi kwenye mabirika ya mvua, visima na mapipa yaliyowekwa chini ya michirizi ya paa. Maji ya mvua yalikuwa safi, matamu, yasiyo na harufu, na mwenye birika kubwa alijiona ana bahati. Nyumba nadhifu zilikuwa nayo. Kijito kilinuka, kwa hiyo kila aliyetafuta chanzo cha homa alitazama kijitoni.

Homa ya manjano haikuwa ngeni. Mwaka 1867 iliua mamia ya watu, na mwaka 1873 iliua wapatao 2,000. Mwenye mgonjwa aliutambua mwendo wake. Kwanza homa kali, kuumwa kichwa na mgongo. Siku ya tatu au ya nne homa inashuka, mgonjwa anaomba supu, ndugu wanashukuru Mungu. Halafu inarudi: macho yanakuwa ya manjano, fizi zinatoa damu, na matapishi yanakuja meusi kama masalia ya kahawa. Aliyeyaona matapishi hayo alianza kuulizia jeneza.

Julai: mabishano ya karantini

Mwezi Mei meli kutoka Havana, Kuba, ilikuwa imeingia New Orleans ikiwa na wagonjwa. Julai habari zilianza kupanda na mto. Bodi ya afya ya Memphis iliongozwa na Dk. Robert Mitchell, na yeye alitaka karantini mapema: meli zinazotoka kusini zizuiwe, zikaguliwe, abiria washikiliwe kwanza. Wafanyabiashara walipinga. Karantini ingegharimu fedha ambazo mji haukuwa nazo, na ingetangaza kwa dunia nzima kwamba Memphis ina hofu. Baadhi ya madaktari waliwaunga mkono kwa hoja ya kitaalamu kabisa: homa inazaliwa na uchafu wa mahali, walisema, kwa hiyo safisheni mji na mziache meli zipite. Mitchell alishindwa ndani ya bodi yake mwenyewe, akajiuzulu.

Nawaomba wanafunzi wangu wasiwacheke waliompinga. Hoja ya uchafu ilikuwa na heshima zake. Ugonjwa ulionekana kuruka nyumba na kuchagua mitaa, wauguzi wengi waliwagusa wagonjwa wasiambukizwe, na mara nyingi mtu aliyekimbilia shambani akiugua huko hakumwambukiza hata mke wake. Ukikusanya mambo hayo matatu, ungesema nini? Ungesema ugonjwa hauambukizi, una mizizi kwenye udongo wa mjini. Walikuwa na data sahihi na hitimisho lisilo sahihi, na hili huwapata watu makini.

Mwishoni mwa Julai, New Orleans ilipokiri kwamba ina wagonjwa, Memphis iligeuka. Vituo vya karantini vikawekwa: kimoja katika Kisiwa cha President mtoni, na viwili kwenye njia za reli, Whitehaven na Germantown. Mji ukaanza kumwaga chokaa na asidi ya kaboliki, kufagia na kuchoma mapipa ya lami mitaani ili moshi usafishe hewa.

Agosti: siku chache

Mwanzoni mwa Agosti baharia mmoja aliyeshuka kutoka meli ya mtoni aliugua mjini, akagunduliwa, akapelekwa hospitali ya karantini kisiwani, akafa huko. Tarehe 13 Agosti alikufa mwanamke aliyekuwa na mumewe mgahawa mdogo mtaani Pinch, karibu na gati, ambako watu wa mtoni walikula. Kifo chake ndicho kilichotangazwa rasmi kuwa cha kwanza mjini.

Kilichofuata ni mbio. Katika wiki mbili hivi watu wapatao 25,000 waliondoka, zaidi ya nusu ya mji. Treni zilijaa hadi watu wakapandia madirishani. Waliokosa treni walipanda mikokoteni, na waliokosa mikokoteni walitembea. Miji ya jirani nayo iliweka walinzi wenye bunduki kwenye madaraja na vituo vya reli kuwazuia wasiingie. Barua kutoka Memphis zilitobolewa matundu na kufukizwa moshi kabla ya kusomwa.

Homa ilisafiri nao hata hivyo. Katika mji mdogo wa Holly Springs, jimbo la Mississippi, fundi seremala mmoja na mkewe, wote waliozaliwa utumwani, walikufa pamoja na mtoto wao mchanga. Binti yao mkubwa, Ida, alikuwa na miaka 16 na hakuwapo nyumbani. Aliporudi alikataa wadogo zake wagawanywe kwa walezi, akaenda kufundisha shule ili awalishe. Huyu ndiye Ida B. Wells, aliyehamia Memphis baadaye na kuwa mhariri wa gazeti, akaandika dhidi ya mauaji ya watu Weusi mpaka mtambo wake ukavunjwa.

Waliobaki

Mjini walibaki watu karibu 20,000. Takriban 14,000 kati yao walikuwa Weusi na 6,000 Weupe, wengi wao Wairish maskini wa Pinch. Hawa hawakubaki kwa ushujaa wala kwa ukaidi. Hawakuwa na nauli, hawakuwa na ndugu wa kuwapokea, na bunduki zile za barabarani zilikuwa zinawangoja wao kwanza.

Zaidi ya 17,000 waliugua. Ukizunguka mitaani mwezi Septemba ungekuta kadi za manjano kwenye milango, majeneza yamepangwa kama magogo ya kuni, na watu wanazikwa kwa mikokoteni. Katika makaburi ya Elmwood binti wa msimamizi ndiye aliyeandika majina ya waliozikwa na kugonga kengele kwa kila mmoja. Siku mbaya zaidi za mwezi huo zilipoteza watu karibu 200 kila moja. Kengele mara 200 kwa siku: nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu ndipo takwimu inapogeuka kuwa sauti.

Meya aliugua, na Dk. John Erskine, afisa afya wa mji, alikufa. Serikali ya mji ilikuwa imebaki jina tu, na kazi ilichukuliwa na kamati za wananchi. Chama cha Howard, kilichokuwa na uzoefu wa milipuko ya nyuma, kiliajiri madaktari 111 na wauguzi karibu 3,000, wengine kutoka New Orleans na miji mingine ya kusini, kwa michango iliyotumwa kutoka kila pembe ya nchi. Dk. Mitchell, yule aliyejiuzulu Julai, alirudi kuongoza madaktari wa chama hicho. Angeweza kuondoka na kusema niliwaambia. Hakuondoka.

Masista wa Kianglikana waliokuwa wakiendesha shule ya wasichana walibaki, na mkuu wao, Sista Constance, alikufa tarehe 9 Septemba. Annie Cook, mwenye danguro maarufu mtaa wa Gayoso, aliligeuza danguro lake kuwa hospitali, akauguza kwa mikono yake, akafa tarehe 11 Septemba. Siku mbili tu zimewatenganisha wanawake hawa wawili, na mji uliwalilia wote.

Watu Weusi ndio waliousimamisha mji. Vikosi vya wanamgambo Weusi vililinda maghala ya chakula na kambi. Wanaume Weusi waliingizwa katika jeshi la polisi, lile lile ambalo miaka 12 nyuma lilikuwa limeshiriki kuwaua ndugu zao, na baadhi yao wakaendelea na kazi kwa miaka mingi baada ya homa kwisha. Waliuguza, waliendesha mikokoteni, walichimba makaburi. Wakati huo huo palikuwa na imani ya zamani kwamba mtu Mweusi hapati homa ya manjano. Mwaka 1878 imani hiyo ilianguka mbele ya macho ya kila mtu, kwa sababu Weusi waliugua kwa maelfu. Vifo vyao vilikuwa vichache zaidi, takriban 946, huku vya Weupe vikifika karibu 4,200 kati ya wale 6,000 waliobaki. Wanahistoria na wanasayansi bado wanabishana kwa nini. Wapo wanaosema wengi walikuwa wameugua wakiwa watoto, na wapo wanaotafuta sababu katika damu.

Kambi

Hatua iliyofaulu kuliko zote ilikuwa rahisi mno. Kamati ya misaada iliomba mahema kutoka kwa jeshi la serikali kuu, ikapata mahema na chakula, ikawahamishia watu wasio na nauli maili chache nje ya mji, kwenye uwanda mkavu. Kambi kubwa ilipewa jina la Joe Williams, na Wakatoliki wakawa na ya kwao. Palikuwa na nidhamu ya kijeshi, mgao wa chakula, usafi, daktari, na hakuna kwenda mjini na kurudi ovyo.

Baadhi ya waliofika walikuwa tayari wamebeba ugonjwa, wakaugua kambini, wengine wakafa kambini. Lakini ugonjwa haukuwaka. Vifo vya kambini vilikuwa vichache sana ukilinganisha na mjini. Watu maskini wale wale, chakula hafifu kile kile, wamebanana ndani ya turubai, na bado walipona kwa wingi. Walioendesha kambi walisema ni hewa safi.

Baridi, halafu kufutwa kwa mji

Oktoba baridi ilishuka, jalidi, yaani umande ulioganda, ikaanza kuonekana alfajiri, na wagonjwa wapya wakapungua kwa kasi. Mwishoni mwa mwezi karantini iliondolewa na treni zikaanza kurudisha watu. Hesabu ya Memphis ilisimama kwenye vifo vipatavyo 5,150. Katika bonde zima la mto Mississippi mwaka huo waliugua karibu watu 120,000 na kufa karibu 20,000.

Januari 1879 bunge la Tennessee liliifuta hati ya mji. Memphis ikawa wilaya ya kodi tu, isiyo na mamlaka ya kujitoza kodi yenyewe, na ikabaki hivyo hadi 1893. Kiangazi hicho cha 1879 homa ilirudi na kuua watu karibu 600. Sasa hakukuwa na wa kubisha tena. Nyumba zilikaguliwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1880 mhandisi George Waring alianza kutandaza mfumo mpya wa mabomba membamba yaliyochukua maji taka peke yake, bila maji ya mvua, mfumo ambao miji mingine ilikuja kuutazama. Mwaka 1887 maji safi ya chini ya ardhi yaligunduliwa, na mji ukaanza kunywa maji ya bomba.

Bei ya viwanja ilikuwa imeanguka vibaya. Robert Church, mtu Mweusi aliyezaliwa utumwani, alinunua wengine walipouza, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa kusini. Mwaka 1899 alifungua bustani na ukumbi mtaa wa Beale kwa ajili ya watu Weusi, ambao bustani za mji hazikuwakaribisha.

Uchambuzi: kilichokuwa ndani ya pipa

Mwaka 1881, miaka mitatu baada ya vifo hivi, daktari wa Kuba Carlos Finlay alisema homa ya manjano inabebwa na mbu. Hakusikilizwa kwa karibu miaka 20. Mwaka 1900 kikosi cha Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, kilithibitisha huko Kuba. Mbu mwenyewe ni Aedes aegypti, yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Sisi wa pwani tunamfahamu vizuri, kwa sababu ndiye aliyeleta dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Asili yake ni bara letu la Afrika, na alivuka bahari ndani ya mapipa ya maji ya meli za watumwa, virusi vikiwa pamoja naye.

Mbu huyu hapendi mtaro unaonuka. Anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya chombo: birika, pipa, chungu, vase ya maua. Anabandika mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakipanda, yanaanguliwa. Nimefunua mapipa mengi ya bluu kwenye nyua za watu. Ukigonga ubavu wa pipa kwa kidole, viluwiluwi vyote vinajikunja na kuzama kwa pamoja, kama vile mmoja ametoa amri. Mwenye nyumba husema, lakini haya maji ni masafi, tunayanywa. Anasema kweli. Mama wa Memphis angesema vivyo hivyo.

Sasa rudi kwenye kila hatua. Chokaa kijitoni na moshi wa lami havikugusa mabirika. Kufagia mitaa hakukugusa mabirika. Kambi ilifaulu kwa sababu uwandani hapakuwa na mabirika wala mapipa ya miaka mingi, na mbu huyu haruki mbali. Mgonjwa aliyefika kambini aliugua peke yake kwa kuwa hapakuwa na wa kumtoa damu na kumpelekea mwingine. Jalidi iliua mbu. Na kukosekana kwa mbu huyu ndiyo sababu mtu aliyekimbilia shambani hakuwaambukiza watu wake. Ushahidi wote ambao wapinzani wa karantini waliutumia ulikuwa sahihi, ila ulikuwa unamwelekea mdudu aliyetua kwenye mkono wa aliyekuwa anauandika.

Mabomba ya Waring nayo yamesifiwa kwa kuiokoa Memphis na homa ya manjano. Yaliokoa watu wengi na kuhara na homa ya matumbo, na kwa hilo yastahili sifa. Kwa homa ya manjano nayapa sifa kidogo tu. Nadhani maji ya bomba ya baada ya 1887 yalifanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyomfanya mtu asihitaji birika. Anayetaka kuona tofauti aitazame New Orleans mwaka 1905, mlipuko wa mwisho wa homa ya manjano nchini Marekani. Safari hii walijua. Waliyafunika mabirika kwa nyavu, wakayamwagia mafuta ya taa, na ugonjwa ukazimika kabla baridi haijafika.

Uchambuzi: karantini ilichelewa kwa muda gani

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu darasani, tukiwa na chaki na kalenda.

Mwanamke wa mgahawa alikufa tarehe 13 Agosti. Mgonjwa wa homa hii akifa, mara nyingi hufa kama wiki moja baada ya kuanza kuumwa. Basi tuseme alianza kuugua kati ya tarehe 5 na 8. Kutoka kuumwa na mbu hadi kuugua ni siku 3 hadi 6, kwa hiyo aliumwa na mbu mwanzoni mwa Agosti au siku mbili za mwisho za Julai. Mbu naye anahitaji kama siku 10 hadi 12 tangu anyonye damu ya mgonjwa kabla hajaweza kuambukiza. Ukirudi nyuma hivyo unafika kati ya tarehe 18 na 26 Julai.

Vituo vya karantini viliwekwa siku za mwisho za Julai. Kwa hesabu hii, mgonjwa mwenye virusi alikuwa tayari mjini, au mbu mwenye virusi alikuwa ameshashuka kutoka melini, siku chache kabla ya lango kufungwa. Mabishano ya bodi ya afya yalikuwa mapema mwezi huo. Ombi la Mitchell lingekubaliwa, lango lingekuwa limefungwa kabla. Siwezi kuapa kwamba homa isingepita, maana mto una kingo ndefu na reli zilikuwa kadhaa. Lakini kila wiki iliyosogezwa mbele ingekuwa imesogea karibu na jalidi, na ugonjwa huu ulikuwa unashindana na kalenda.

Hesabu hiyo hiyo inamwondolea baharia lawama. Yeye aliugua mwanzoni mwa Agosti. Mbu aliyemuuma asingeweza kumwambukiza mtu hadi katikati ya mwezi, wakati mwanamke yule alikwisha kufa. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeukwepa ulinzi na kuuleta msiba. Tarehe hazikubali.

Uchambuzi: nani aliamua, nani alilipa

Walioshinda mabishano ya Julai walikuwa na nauli ya Agosti. Jambo hili halihitaji nadharia. Hasara ya karantini ingewaangukia wenye maghala ya pamba, na hasara ya kukosa karantini iliwaangukia vibarua wa gati, wafuaji nguo na watoto wao. Ninapokaa kwenye kikao cha wilaya na kusikia kwamba kutangaza mlipuko kutaharibu msimu wa biashara, naangalia meza nzima na kujiuliza ni nani kati yetu atabaki mtaani ukizuka.

Kwa upande wa mwitikio, Memphis ilifanya jambo ambalo nchi nyingi bado zinalishindwa. Ilikabidhi chakula, ulinzi na uuguzi kwa watu waliobaki, wakiwemo wale ambao ilikuwa imewadharau. Wauguzi hawakuwa na dawa. Kalomeli, dawa ya zebaki, na kwinini hazikuponya mtu. Walichokuwa nacho ni maji ya kunywa, kitambaa baridi, mtu wa kukaa kitandani usiku kucha, na leo pia, baada ya miaka mingi ya utafiti, mgonjwa wa homa ya manjano hatuna dawa mahususi ya kumpa. Tuna chanjo, ile ya Max Theiler ya mwaka 1937, ambayo msafiri huionyesha mpakani kwenye kadi ya manjano. Uuguzi bado ni ule ule.

Kilichoshindwa katika mwitikio ni kwamba kambi zilikuja baada ya mbio. Mahema yangeombwa Julai, pamoja na karantini, maelfu ya wale 20,000 wangekuwa uwandani kabla ya Septemba.

Swali ambalo huulizwa mwishoni

Tukimaliza hesabu ya kalenda, mara zote kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono na kuuliza: basi mgonjwa wa kwanza hasa alikuwa nani?

Simjui, na hakuna anayemjua. Alikuwa mtu mmoja aliyekuwa na homa Memphis katika wiki ya tatu au ya nne ya Julai, pengine nyumba chache kutoka gatini, mwenye birika uani. Huenda alipona na kurudi kazini. Huenda alizikwa na kwenye daftari ikaandikwa malaria, maana wakati wa joto watu wa mtoni walikufa kwa malaria kila mwaka na hakuna aliyeshtuka. Nikisema hivyo huwa natoa daftari la zahanati la mwezi uliopita, lililofutwa majina, na tunaanza kusoma safu ya "homa" mstari kwa mstari.